Kwetu Bakuli Halifudikizwi

Neema, ninayeishi naye chumba kimoja huku Wazo, ananiita mchafu. Akirudi kazini akakuta nimeosha vyombo nikaviacha chali kwenye beseni, anashika kiuno. "Wewe dada wewe, malori yanapita hapo nje kutwa nzima, vumbi lote hilo tunakula sie. Fudikiza vyombo, kwani utakufa?" Mie nanuna, nachukua kitambaa, nafuta bakuli moja moja, halafu nalirudisha vilevile, limeangalia juu. Juzi alinikuta na hasira zangu nikamjibu vibaya mpaka akalia. Nikaona basi, niandike, maana kwa mdomo sijawahi kuweza, na nikianza nitaishia kumtukana tu, na yeye masikini hana kosa.

Nimezaliwa Keko Machungwa, nyuma ya karakana ya baba. Baba ni fundi wa vitanda na makochi. Ukilala kwetu unasikia randa, ukiamka unasikia randa, na uji wa asubuhi una unga wa mbao juu yake hata ukiufunika. Mama yeye ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka akiwa msichana kumfuata dada yake, akakutana na baba, akabaki. Tulikuwa watoto wawili, mie na kaka yangu Rashidi. Rashidi alikuwa na pengo mbele lililomfanya apige mluzi bila kutaka kila akitamka neno lenye "s", na jina langu, asante Mungu, halina. Aliniita Kiroboto. Kazi yake karakana ilikuwa kunyoosha misumari iliyopinda, na alikuwa akinyoosha huku anajisifu kama vile kitanda kizima kakitengeneza yeye.

Ulipofika wakati wa kumtahiri, baba alitaka apelekwe hospitali, asubuhi aingie, mchana awe nyumbani anakunywa soda. Mama akakataa. Alisema ndugu zake watamcheka, mwanawe atakuwa mwanamume wa wodini. Walibishana siku kadhaa kwa sauti ya chini, ile sauti ya wazazi wanaodhani watoto wamelala. Habari za watu wabaya porini kule Msumbiji tulikuwa tunazisikia, lakini ilisemwa wako mbali, upande wa baharini. Mdogo wake mama, Mjomba Issa, akapiga simu: "Dada, huku shwari kabisa. Leteni kijana." Baba akanyoosha mikono. Likizo ilipoanza tukaondoka, mama, Rashidi na mie.

Usiku wa kuamkia kuingia jandoni Rashidi alininong'oneza, "Kiroboto, nikilia usije ukawasimulia watoto wa Keko." Nikamwambia nitawasimulia wote. Akanifinya.

Kule kwa kina mama, kambi ya jando inaitwa likumbi, na mwanamke haikanyagi. Njiani kuna gogo limelazwa, hapo ndipo mwisho wa wanawake. Kila asubuhi mama alipika, akajaza bakuli la mwanawe, akaliweka juu ya gogo, akageuka bila kuangalia nyuma. Mjomba Issa alikuwa mmoja wa walezi wa wale wavulana, yeye ndiye aliyekuja kulichukua. Jioni bakuli lilirudi tupu, limekaa chali. La mama lilikuwa jeupe la bati, lina ukingo wa buluu na ua jekundu katikati, na ua lenyewe lilikuwa limebanduka jani moja. Rashidi alilichagua mwenyewe sokoni kabla hatujasafiri.

Bibi, mama yake mama, ndiye aliyenifundisha habari ya bakuli. Nilikuwa naosha vyombo nikalifudikiza la Rashidi juu ya kichanja, akanirukia kama nimekanyaga moto. "We mtoto! Unamwua kaka yako?" Akanikalisha chini akanieleza. Mvulana akifia likumbini, mama yake haambiwi. Anaendelea kupika na kupeleka. Siku ya kutoka, wenzake wakipigiwa vigelegele, mjomba wa yule mtoto huja na bakuli, akaliweka mbele ya mama limefudikizwa. Basi. Hakuna neno. Mama hukaa chini palepale alipo, hata kama ni kwenye tope, akalia, na haruhusiwi kuinuka mpaka binti yake aje amshike kwapani amwinue. Na binti asimwinue kabla hajamaliza. Nikamuuliza Bibi, "Nitajuaje kama kamaliza?" Akasema, "Utajua. Osha vyombo."

Jambo la pili alilonifundisha ni midimu. Hao ni watu waliovaa vinyago, wanaotoka upande wa likumbi siku za mwisho kuwatisha wanawake na watoto. Nyuma ya kinyago kuna mtu unayemjua, huenda ni fundi baiskeli au jirani, lakini ole wako useme umemjua. Kazi yako ni kupiga kelele, kucheka na kukimbilia ndani ya nyumba ufunge mlango. Nilingoja midimu kwa hamu kuliko sikukuu.

Ilibaki siku moja wavulana watoke. Bibi alikuwa amefunga sunna, akawa ananiita kila mara nimuonjee chumvi kwenye mchuzi. Mama alikuwa amesharudi kutoka kwenye gogo. Kila uani kulikuwa na sufuria motoni, wanawake wanaimba, wengine wanasukana. Halafu mtoto mmoja kule mbele akapiga ukelele, "Midimu! Midimu hao!"

Kweli, walikuwa wanakuja kwa njia ya likumbi. Nyuso zimezungushiwa vitambaa, macho tu nje, mapanga mkononi, na wengine wamebeba bunduki. Mie bunduki niliona ni mbao. Baba angeweza kuchonga nzuri zaidi. Wanawake wakafanya walichofanya tangu wakiwa wasichana: wakapiga kelele, wakacheka, wakabeba watoto, wakakimbilia ndani, wakafunga milango. Bibi naye akakimbia, anacheka hadi kanga inamdondoka. Hiki ndicho kinachonitia hasira mpaka leo nikikumbuka, hasira ya kutaka kuuma mtu. Hakuna aliyewafukuza kuingia humo. Waliingia wenyewe, kwa furaha, na wale watu walichohitaji ilikuwa kibiriti tu.

Mama na mie tulikuwa nyuma, kwenye banda la jiko, tukachelewa. Mmoja akatokea uani kwetu. Alikuwa ameteremsha kitambaa mpaka kidevuni kwa sababu alikuwa anakula. Alikuwa anakula kwenye bakuli la mama. Niliona ukingo wa buluu, nikaona vidole vinachota wali wetu, nikafurahi! Nikajua huyu katokea kwa Rashidi, kapewa bakuli na Rashidi, ndiye mdimu wa kwetu hasa. Mtoto wa mjini mie, adabu zangu ni za mjini, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu. Ilimtoka tu. Kisha akaacha kutafuna. "We wa wapi?"

Kiswahili chake hakikuwa cha kule. Kilikuwa cha mtaani kwetu. Nikamwambia, "Keko."

"Keko gani?"

"Machungwa. Kwa mafundi vitanda."

Akanitazama, akamtazama mama. Mama alikuwa haangalii uso wake, aliangalia bakuli. Yule mtu alikuwa kijana, ndevu hazijajaa. Wakati huo kelele za mbele zikabadilika. Kicheko kikakatika, ukabaki ukelele, na ule ukelele haukuwa na mwisho. Paa la nyumba ya Bibi lilikuwa linawaka. Bibi akasukuma mlango wa nyuma akatoka na moshi, anakohoa, anaita jina la mama. Mwingine mwenye kitambaa alikuwa anamsubiri pembeni ya mlango. Akamkata shingoni. Mara ya kwanza haikutosha, Bibi akabaki amesimama, ameinua mkono kama anayetaka kusema subiri kidogo. Akamkata tena. Wanasema wanapigania dini watu wale. Bibi yangu alikufa na saumu yake, hajaonja hata chumvi.

Yule wa kwetu akalitupa bakuli. Likabiringika, likagonga jiwe la jiko, likaanguka fudifudi. Akasema kwa haraka, kwa mama, "Pita mihogoni. Potea. Nikigeuka tena nisikuone." Akapandisha kitambaa akawafuata wenzake. Sijui kwa nini alituacha. Nimeshajiuliza mpaka nimechoka, na sitaki kumshukuru.

Mama hakukimbia mara moja. Alisimama analiangalia bakuli lile lililoanguka fudifudi. Nami nikaliangalia, na somo la Bibi lote likanijia, nikajua maana yake. Mama akainama, akalipindua likakaa chali, akalitazama ndani, akalichukua. Akanishika mkono, tukaingia mihogoni.

Tulilala kifudifudi kwenye matuta. Nilikuwa nimeishika kanga ya mama kwa meno. Tulisikia mapanga yanagonga milango, tukasikia watu wanaita watoto wao kwa majina, kisha majina yakapungua. Mzee wa kijiji, tulisimuliwa baadaye, walimtoa mbele ya msikiti wakampigisha magoti, wakamkata kichwa watu wakiwa wanaangalia, halafu na msikiti wenyewe wakauchoma. Ghala la korosho likashika moto. Moshi wa korosho unachoma macho na koo, na harufu yake haitoki kwenye nywele. Mama alinikandamiza uso kwenye udongo nisikohoe. Nilidhani ananiua na yeye.

Walipoondoka tulitembea na wengine hadi mtoni. Wengine walikuwa na vidonda vilivyofungwa kwa kanga, na mwanamke mmoja alibeba mtoto aliyekwisha kufa, kila aliyemwambia amweke chini alimtemea mate. Mtumbwi ulikuwa unavuja, na mama alikomba maji kwa lile bakuli kutoka ukingo wa kule mpaka ukingo wa huku, hakumpa mtu ampokee. Upande huu wanakijiji walituchemshia uji. Mama aliomba kikombe. Bakuli hakulinywea.

Baba alitupokea Keko akamtafuta Rashidi nyuma yetu kwa macho. Mama akasema, "Alikuwa likumbini." Baba alipiga simu kila mahali, namba ya Mjomba Issa haikupatikana tena. Baada ya miezi, ndugu wakakaa, wakasema mtoto asomewe hitima, roho yake itulie. Mama akatoka chumbani na bakuli mkononi. "Bakuli langu nimerudi nalo chali. Hamuwezi kumsomea hitima mtu ambaye bakuli lake liko chali." Baba ameishi na mama miaka, mambo ya kwao anayajua. Akawaambia ndugu waende.

Nami nilikuwepo pembeni nasikia, na sikuona uongo wowote. Wala sikudhani mama anaficha kitu. Nilivyoelewa mie, bakuli lilianguka fudifudi, Rashidi akafa, mama akalipindua, Rashidi akafufuka. Basi, ndivyo ilivyokuwa. Mama yangu alikuwa mwepesi wa mikono, kamuwahi. Kilichobaki ni yeye kutafuta njia ya kurudi. Kwa hiyo nikawa askari wa vyombo. Vikombe, ndoo, makopo ya rangi ya karakana, hata kata ya chooni, vyote nilivipindua vikaangalia juu. Unga wa mbao ulijaa humo, tukala mbao kwelikweli. Jirani yetu Zuhura alinisaidia kuosha siku moja akafudikiza sufuria, nikamng'ata mkono mpaka mama yake akaja kugomba. Mama yangu alimpoza mwenzake, akaniangalia kwa muda mrefu, hakunipiga.

Na vitambaa. Vijana wa karakana, wakipiga msasa, hujifunga fulana usoni vumbi lisiwaingie puani. Siku ya kwanza nilipotoka shule nikakuta wanne wamesimama mlangoni macho tu nje, mmoja akaniambia, "Mambo sista," kwa Kiswahili kilekile. Nilijikojolea palepale. Tangu siku hiyo baba akapiga marufuku. Nikikaribia tu, mmoja anapiga filimbi, wote wanateremsha fulana. Walikohoa miaka yote ile kwa ajili yangu, wala hakuna aliyewahi kunisimanga. Mungu awape wanachokitaka.

Nilikuwa darasa la saba Mjomba Issa alipotokea. Nilikuwa nafagia maranda karakana, nikaona mtu mwembamba kasimama kwenye jua anauliza jina la baba. Mkono wa kushoto ulikosa vidole. Baba alimkumbatia, akamkalisha kwenye kochi lisilo na mito, akampa maji. Mjomba hakuzunguka. Alikuwa amepita kambi za wakimbizi, amefungwa, ametoroka, na muda wote huo alibeba neno moja.

"Shemeji, waliingia likumbini kabla ya kijijini. Wavulana wakubwa waliwachukua wakawabebeshe mizigo. Rashidi wakamwambia abebe, akasema hawezi, kidonda bado. Akalikimbilia gogo. Alijua saa ile dada ndiyo anawekaga chakula." "Walimkatia hapo kwenye gogo. Chakula kilikuwa bado kina moto."

"Muongo wewe!" Nilipiga kelele mpaka randa zikanyamaza. "Muongo! Mama alilipindua!" Baba akanigeukia polepole. "Alipindua nini?" Lakini nilikuwa nimeshakimbia ndani.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Akamuona mdogo wake mlangoni, nyuma ya baba. Hakupiga yowe, hakumsalimu. Alifuta mikono, akaenda kabatini akashusha bakuli, akalileta.

"Issa. Fanya kazi yako."

"Dada, ngoja kwanza nikueleze..."

"Utanieleza baadaye. Weka."

Mjomba alilipokea kwa mkono wenye vidole na kwa ule usio navyo. Akachuchumaa, akaliweka mkekani mbele ya mama, fudifudi. Nikamrukia, "Lipindue! Mama, lipindue kama siku ile!"

"Siku ile ipi?" baba akauliza. Sauti haikuwa yake.

Mama hakuniangalia, alimwambia yeye. "Lilianguka hivi hivi, Baba Rashidi. Na lilikuwa na damu ukingoni. Nilijua palepale."

"Sasa mbona ukaniambia..."

"Ningeliacha vile ningetakiwa kukaa. Na mie ningekaa, ningeinuka? Nyumba zinawaka, na huyu kaning'ang'ania kanga." Akanionyesha kwa kidevu. "Nikasema nitakaa nikifika. Nilipofika nikakuta siwezi."

Akakaa. Alikaa pale kwenye mkeka katikati ya maganda ya ndizi, akanyoosha miguu, na kilio alichotoa kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Alimlilia Rashidi, akamlilia Bibi, akaomboleza kwa lugha ya kwao ambayo nilikuwa naisikia nusu nusu. Majirani wakajaa. Zuhura na mama yake wakaja. Vijana wa karakana wakasimama uani na fulana zao mabegani. Adhana ya alasiri ikatoka, ya magharibi ikatoka. Mtu akanisukuma mgongoni, "Mwinue mama yako, ataumia." Nikamshika kwapani. Akasema, "Bado." Nikamwachia. Nilirudi tena na tena, mpaka aliponiegemea mwenyewe, mzito kama gunia la mchele, ndipo nikamwinua.

Bakuli liko Keko juu ya kabati mpaka leo, limefudikizwa, na kwa mama vyombo vyote sasa hukauka kama kwa watu wengine. Ni mie niliyebaki. Siku ile kila mtu alimwangalia mama, na mie nilikuwa na kazi ya kuinua, sikukaa. Nilihama na vyombo vyangu chali mpaka huku Wazo, kumgombeza mtoto wa watu.

Neema akirudi leo nitamsomea hii, kisha nitamuomba radhi. Halafu nitaosha vyombo, nitachukua bakuli langu nilifudikize mbele yake, nikae chini. Asiniulize kitu. Na asiniinue mpaka nimalize.